KUFUGA SAMAKI NA KUPANDA MBOGA KATIKA MAJI YALE YALE
Mafundisho kwa wakulima wa Saza na vijiji jirani

Watu wengi wakisikia habari ya kufuga samaki hufikiri bwawa kubwa kando ya mto usiokauka. Ufugaji huo si mgeni katika nchi yetu. Majaribio yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na kufikia mwaka 1968 mabwawa yapatayo 8,000 yalikuwa yamechimbwa. Lakini baadhi yake yalitoa samaki haba. Mengine yalikuwa madogo mno, mengine yalitiwa samaki wasiofaa kwa baridi ya mahali pale, na mengine yalikosa maji. Kwa mkulima wa Saza, ambaye hukaa miezi mingi ya kiangazi akingoja mvua, sababu hiyo ya mwisho ndiyo kubwa.

Iko njia nyingine inayotumia maji machache. Maji ya samaki humiminwa juu ya kokoto zilizopandwa mboga, kisha huchuruzika na kurudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Hayamwagwi. Yanayopungua ni yale yanayonyonywa na mimea na jua, na kwa shimo la lita 1,000 hayo ni debe moja hivi kwa siku, au debe moja na nusu siku za joto kali.

Kazi yenyewe hufanywa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki wenyewe. Vijidudu vinavyokaa juu ya kokoto huigeuza amonia hiyo kuwa chakula cha mimea. Basi kokoto ni nyumba ya vijidudu, na zikikauka kabisa siku chache vijidudu hufa.

MAJI NA KOKOTO ZITOKE WAPI

Jambo hili tunalitanguliza kabla ya kujenga, maana Saza ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa New Saza ulichimbwa kuanzia mwaka 1939 hata 1956, na wachimbaji wadogo wangalipo mpaka leo. Dhahabu yao hukamatwa kwa zebaki, na mchanga wa marudio huchenjuliwa kwa sayanaidi. Sayanaidi ikiingia katika maji samaki hufa upesi, nawe utajua. Zebaki ni adui wa namna nyingine. Huingia katika nyama ya samaki na kuzidi siku kwa siku, huku samaki akionekana mnene na mzuri. Haina harufu wala ladha, na kupika hakuiondoi. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliogunduliwa mwaka 1956 ulikuja kujulikana kuwa umetokana na kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Walikuwako watoto waliozaliwa na ulemavu ilhali mama zao hawakuonekana kuumwa sana.

Kwa hiyo usichukue kokoto wala mchanga mahali penye karasha, mwalo au marundo ya marudio, hata ukipewa bure. Usichote maji ya kijito kilicho chini ya mahali hapo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yanafaa sana, lakini si bati la nyumba inayochomewa zebaki, kwa kuwa moshi wake hutua juu ya paa. Karai au ndoo iliyowahi kuoshea dhahabu isiguse kazi hii. Tena yako matangi ya plastiki ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma yanayouzwa rahisi. Kama huwezi kujua kwa hakika lilibeba nini, liache. Ukiwa na shaka juu ya kisima chako, mwone Afisa Uvuvi au Afisa Kilimo wa Wilaya, Mkwajuni, akueleze jinsi ya kupeleka maji kupimwa.

KUJENGA

Chimba shimo la urefu wa meta 2, upana wa meta 1 na kina cha sentimeta 60, ulitandike turubai zito lisilovuja, na ulitie maji mpaka sentimeta 50. Lizungushie ua, watoto wasije wakatumbukia. Kando yake jenga kitanda cha matofali cha meta 1 kwa meta 1, chenye kina cha sentimeta 30, sakafu yake iwe juu kuliko ukingo wa shimo. Nacho ukitandike turubai na kukitia mpira mwembamba wa kurudisha maji. Kitameza madebe 15 ya kokoto ndogo zilizooshwa. Kikijaa maji uzito wake hupita nusu tani, basi miguu ya miti haifai. Dondoshea kokoto chache siki au maji ya ndimu. Zikitoa povu zina chokaa, tafuta nyingine.

Kwa mtu asiye na pampu, perege 15 wanatosha. Mwagia kitanda ndoo sita asubuhi, sita mchana na sita jioni, ukimimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Mwenye pampu ndogo ya jua bado atamimina kwa ndoo alfajiri, maana saa hizo ndipo hewa ya majini huwa haba.

Anza na perege watano tu na chakula kidogo kwa majuma manne hadi sita, mpaka vijidudu viwe vingi. Usishangae mchicha wa kwanza ukiwa na rangi ya manjano. Baadaye samaki 15 wa gramu 100 watakula gramu 40 hivi kwa siku, na chakula hicho hulisha meta moja ya mraba ya mchicha, chainizi au figili. Pima mara moja kwa mizani ya dukani, kisha tia alama kikombeni. Kilichobaki baada ya nusu saa kiondolewe. Samadi ya ng'ombe, ambayo hutiwa katika mabwawa ya kawaida, hapa ni marufuku.

Vidukari viondoe kwa mkono. Dawa ya dukani itaua samaki, na hata dawa za kienyeji si salama: utupa, ambao wakulima huutwanga kwa ajili ya wadudu, ndio ule ule wanaovulia samaki mtoni.

Ukiona samaki wakihema juu ya maji asubuhi, acha kulisha siku hiyo, mimina ndoo nyingi, na badilisha theluthi moja ya maji. Mwezi wa Juni na Julai usiku huwa na baridi, nao hula kidogo, punguza chakula.

Vifaranga nunua kwa mzalishaji anayejulikana, na usiwaachie mtoni, kwa kuwa Ziwa Rukwa lina perege wake wa asili wanaoweza kuharibiwa na wageni. Wakubwa wakianza kufaa kwa mboga, toa wawili watatu kwa mara moja na kuweka wadogo mahali pao, ili kitanda kisikose chakula.