Serikali Mpya na Sheria za Kuvuka Mpaka: Ahadi Hugeukaje Kuwa Haki?



Kila nchi jirani ipatapo serikali mpya, uvumi hutangulia kuvuka mpaka. Kabla wiki haijapita tangu kiapo, husikika katika masoko ya Busia, Malaba, Lwakhakha na Suam kwamba vibali vya kazi vimefutwa, au kwamba vitambulisho havitatazamwa tena. Aaminiye upesi huenda akalala rumande kwa jambo aliloambiwa ni halali. Naye asiyeamini lolote hukosa haki ambayo tayari ni yake. Somo hili lakusudia kumpa msomaji kipimo cha kupimia ahadi za mabadiliko ya uhamiaji, ili ajue lipi la kutarajia, lipi la kungojea, na lipi la kulitumia leo hii.

Mfano wetu mkuu ni Kenya, ambayo serikali yake mpya iliapishwa tarehe 13 Septemba 2022. Twauchagua kwa kuwa upande huu wa Uganda hatuna jirani tunayevukiana naye zaidi. Mwaka 1902 utawala wa Kiingereza uliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo leo ni Kenya. Mpaka ulihama, watu hawakuhama. Ndiyo maana Wasamia na Wateso wana mashamba, misiba na harusi pande zote mbili, na badiliko dogo la sheria Nairobi huonekana jikoni mwa mtu wa Busia.

Haki iliyopo tayari

Kabla ya kuuliza serikali mpya italeta nini, yafaa kujua tulicho nacho. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo, raia wa nchi mwanachama haombwi viza aingiapo nchi nyingine ya Jumuiya, naye hupewa pasi ya kukaa hadi miezi 6. Tangu Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana kwamba kitambulisho cha taifa chatosha kuwa hati ya safari miongoni mwao. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Lakini haki ya kuingia si haki ya kufanya kazi. Kwa kanuni za itifaki hiyo, mwenye mkataba wa kazi usiozidi siku 90 huomba pasi maalumu. Mwenye mkataba wa muda mrefu zaidi hutakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba. Kenya, Uganda na Rwanda zimesameheana ada za vibali hivyo kwa raia wao. Hapa ndipo wengi hupotea: kusamehewa ada si kuondolewa kibali. Binti aendaye kutunza nyumba Kisumu au kijana aendaye kupika katika hoteli ya Eldoret halipi ada, lakini bado apaswa kuomba. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 yatoza faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa makosa kama kuingia au kukaa nchini kinyume cha sheria.

Milango minne ya badiliko

Ahadi ya mabadiliko huweza kupita katika mojawapo ya milango minne, na kila mmoja una uzito wake.

Mlango wa kwanza ni agizo la utendaji. Rais au waziri huweza kuagiza kituo kifunguliwe kwa saa zaidi, maofisa waongezwe, au maombi yashughulikiwe upesi. Badiliko hili huja haraka, na huweza kuondoka vivyo hivyo.

Mlango wa pili ni kanuni za waziri. Huko ndiko hupangwa aina za vibali, fomu na ada. Kanuni za Kenya sharti zichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu kuchapishwa. Zisipowasilishwa hupoteza nguvu.

Mlango wa tatu ni sheria ya Bunge. Makosa, adhabu na masharti ya uraia yamo humo. Muswada husomwa, wananchi hutoa maoni, wabunge hupiga kura, na Rais hutia saini. Serikali mpya, hata ikiwa na nia njema, haiwezi kuupita mlango huu kwa hotuba.

Mlango wa nne ni katiba na mikataba. Katiba ya Kenya ya 2010 yahesabu mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Itifaki ya Soko la Pamoja haigeuzwi na serikali moja peke yake. Mlango huu ni mzito kuufungua, na kwa sababu hiyo hiyo ni mzito kuufunga: haki zilizomo hazitoweki kwa sababu chama kimeshindwa uchaguzi.

Mifano ya kujifunzia

Tarehe 12 Desemba 2023, Rais wa Kenya alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni hatahitaji viza kuingia nchini humo. Wengi walidhani kwamba kila mgeni angeingia bila kuomba lolote. Ulipofika mwezi huo, viza iliondoka, lakini mahali pake pakawekwa idhini ya safari ya kielektroniki, iliyoombwa kabla ya safari kwa ada ya dola 30. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuwekewa sharti hilo. Basi tangazo lilikuwa la kweli, lakini maana yake kamili ilipatikana katika kanuni, wala si katika kichwa cha habari. Mganda aliyelipa wakala ili amwombee idhini hiyo alilipia kitu ambacho hakukihitaji.

Mfano wa pili ni wa ada. Mnamo Novemba 2023, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Kenya ilichapisha ada mpya za huduma nyingi, zikiwemo za vitambulisho na vibali. Mahakama Kuu ilizisimamisha, na wizara ikaziondoa ili kwanza ikusanye maoni ya wananchi. Viwango vingine vikatoka mwaka uliofuata. Hivyo hata jambo lililokwisha kuchapishwa laweza kuzuiwa na mahakama likikosa utaratibu. Mwananchi aulize ada ya siku hiyo dirishani, wala asitegemee aliyoisikia mwezi uliopita.

Mfano wa tatu ni wa matumaini. Wapemba wanaoishi kwa uvuvi katika pwani ya Kwale na Kilifi walikaa miongo mingi bila uraia wa nchi yoyote. Mwaka 2023, serikali mpya ikiwa haijatimiza mwaka, Rais aliwatambua kuwa jamii ya Kenya, na mwezi Julai wakaanza kupewa hati. Lakini mambo hayo hayakuanzia kwenye meza ya serikali mpya. Sheria ya 2011 ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango watu wasio na uraia waliokuwapo Kenya tangu uhuru, ikiwapa miaka 5 ya kuomba. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016, muda huo ukiwa umefika ukingoni, na wakapata. Wapemba waliipita njia iliyokwisha kukanyagwa. Serikali mpya ilitia saini, ila kazi ya kukusanya majina, ushahidi na hoja ilikuwa ya jamii zenyewe.

Kwetu Uganda, jamii ya Wamaragoli wa Kiryandongo, wenye asili ya magharibi mwa Kenya, imekuwa ikiomba kwa miaka mingi kuingizwa katika Jedwali la Tatu la Katiba, lenye orodha ya jamii zilizokuwapo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Kwa kuwa orodha hiyo imo katika Katiba, waziri mpya hawezi kuongeza jina kwa kalamu yake. Yahitajika theluthi mbili ya wabunge wote. Ombi lao si dogo kuliko la Wapemba, ila mlango wao ni mwingine.

Lipi la kutarajia?

Kwa kipimo hicho, serikali mpya yaweza kutarajiwa kubadili upesi saa za vituo, mwendo wa huduma, ada na aina za vibali. Adhabu na masharti ya uraia huchukua muda mrefu zaidi, maana hupitia Bungeni. Kufutwa kabisa kwa vibali vya kazi kati ya nchi za Jumuiya ni jambo la majadiliano ya nchi zote, wala halitokei kwa usiku mmoja. Atakayekuambia kwamba limetokea, mwulize: limechapishwa wapi?

Wajibu wa pande mbili

Mwananchi na avuke penye kituo. Kuwa na kitambulisho halali hakuhalalishi njia ya panya, kwa kuwa kosa ni kuingia bila kupita kwa ofisa. Atazame pia tarehe ya mwisho ya kitambulisho chake. Vile vya kwanza vya Uganda, vilivyoanza kutolewa 2014, viliandikwa muda wa miaka 10. Barua ya mwenyekiti wa LC 1 husaidia kueleza makazi ya mtu, lakini yenyewe si hati ya safari. Aepuke wakala auzaye “kibali kipya cha serikali mpya”, na kila alipapo ada adai stakabadhi.

Polisi nao wana wajibu. Askari hana mamlaka ya kutunga ada, wala ya kumzuia mtu kwa sheria ambayo bado ni muswada, wala ya kumnyima haki iliyokwisha kuwa sheria. Mwananchi ana ruhusa ya kuuliza kwa heshima jina la askari na kosa analotuhumiwa. Akiombwa fedha bila stakabadhi, apeleke malalamiko kwa mkuu wa kituo au kwa ofisa wa uhusiano wa jamii.

Zaidi ya hayo, mabadiliko huwafaa watu wa mpakani pale wanapoyasemea. Serikali mpya inapokusanya maoni, wachuuzi, waendesha bodaboda na viongozi wa vijiji wapeleke mambo bayana: ni saa ngapi foleni hukwama, ni hati ipi haipatikani karibu, ni watoto wangapi wa kijiji hawana vyeti vya kuzaliwa. Hoja yenye majina na tarehe hudumu mezani hata waziri abadilikapo.

Maswali ya kujadiliana barazani

1. Taja ahadi moja ya uhamiaji uliyoisikia hivi karibuni. Yapaswa kupita mlango upi kati ya minne?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusamehewa ada ya kibali na kufutwa kwa kibali?
3. Wamakonde na Wapemba walifanya nini ambacho jamii yetu yaweza kuiga?
4. Ni tatizo gani la kuvuka mpaka kijijini mwenu laweza kutatuliwa kwa agizo tu, na lipi lahitaji sheria mpya?