Bawabu wa Kompyuta

Bawabu wa shule humtambua kila mwalimu kwa sura na sauti. Kompyuta haimjui mtu hivyo. Yajua alama tu. Mwenye kuonyesha alama za kweli hufunguliwa. Asiye nazo hukataliwa.

Alama hizo ni za namna tatu. Ya kwanza ni jambo unalolijua, kama namba ya siri. Ya pili ni kitu ulicho nacho, kama kadi. Ya tatu ni mwili wako mwenyewe, kama chapa ya kidole. Alama mbili pamoja zalinda kuliko moja.

Tutazame mfano hapa Bukavu. Mama mmoja auza sambaza katika soko la Kadutu. Akiba ya masomo ya mwanawe haimo katika fundo la kitenge. Imo katika M-Pesa. Kazi hiyo ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012. Fedha yenyewe haikai ndani ya simu. Hesabu yake imeandikwa katika kompyuta za kampuni. Mama akitaka kuitoa, kompyuta hutaka alama mbili: kadi ndogo iliyo ndani ya simu, na namba ya siri.

Namba ya tarakimu 4 yaweza kuandikwa kwa namna 10,000, toka 0000 hata 9999. Mwizi akizijaribu zote ataipata. Kwa hiyo mtu akikosea mara chache tu, kompyuta hufunga mlango. Lakini aliyechagua 1234, au mwaka aliozaliwa, amempunguzia mwizi kazi.

Tena, kuingia si kuruhusiwa yote. Wakala hupokea fedha na kuitoa, lakini hawezi kugusa akiba ya mama, mama asipoandika namba yake mwenyewe. Kila mtu hupewa ruhusa ya kutosha kazi yake, wala si zaidi. Ndivyo ilivyo hata shuleni: mpishi ana ufunguo wa jiko, si wa sanduku la fedha.

Mwizi mwerevu havunji mlango. Humwambia mama kwa upole: «Nipe simu, unitajie na namba, nikusaidie.» Mama akikubali, mwizi amepata alama zote mbili. Kompyuta itamfungulia, nayo akiba ya mwaka mzima itakwisha mara moja.

Basi, mtoto ajuaye kusoma amfundishe mama yake kuandika namba kwa mkono wake mwenyewe. Wakati mama anapoiandika, mtoto ageuze uso. Na kama aijua, asiitumie bila ruhusa, hata kwa franka chache. Amri ya saba ya Mungu yakataza wizi, hata pale ambapo mashine imefungua mlango.

MASWALI

1. Taja namna tatu za alama.
2. Kwa nini namba 1234 si nzuri?
3. Wakala aruhusiwa nini? Akatazwa nini?
4. Kwa nini kompyuta ilimfungulia mwizi?