Kufundisha Maungio ya Mifupa: Mtoto Atende Kabla ya Kutaja

Walimu wanafunzi wengi wafundishapo maungio ya mifupa huanza kwa kuandika majina ubaoni. Watoto huyanakili, huyakariri, kisha huyasahau. Yafaa mtoto auone mwendo kwanza, ndipo jina lifuate.

Maungio ni mahali mifupa miwili au zaidi inapokutana. Kwa kufuata mwendo, hugawanyika katika makundi matatu:

(a) Yasiyosogea, kama yale ya fuvu la mtu mzima.

(b) Yasogeayo kidogo, kama yale ya pingili za uti wa mgongo, ambazo kati yake mna visahani vya gegedu.

(c) Yasogeayo kwa urahisi. Hapa ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, na ute huzilainisha zisisuguane.

Kundi la tatu ndilo lifaalo zaidi kwa majaribio. Mtoto akunje na kukunjua kiwiko: mwendo ni wa kwenda na kurudi, mfano wa bawaba ya mlango. Kisha auzungushe mkono mzima kutoka begani: hapo kichwa cha mviringo cha mfupa hucheza ndani ya kikombe, kama mchi kinuni. Nyonga nayo ni hivyo, ila kikombe chake kina kina zaidi. Kwa hiyo bega huteguka upesi kuliko nyonga.

Sasa abane kiwiko ubavuni, akikunje, ageuze kiganja juu na chini. Je, bawaba ndiyo iliyogeuka? La. Kigasha kina mifupa miwili, na mmoja humzunguka mwenzake. Haya ni maungio ya mhimili. Watoto wakijionea tofauti hiyo hawataisahau.

Onyo moja. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliamuru darasa zima lichuchumae ili kuonyesha goti. Mtoto mmoja mwenye goti lililokakamaa alibaki amesimama; wenzake wakacheka. Kesho yake hakuja shuleni. Andalio langu la somo halikuwa na kosa, lakini sikuwa nimewatazama wanafunzi wangu. Tangu hapo goti huonyesha mwalimu mwenyewe, nao watoto hutazama na kueleza.

Zoezi: Tayarisha andalio la somo la maungio kwa kutumia bawaba, kinu na mchi. Eleza utakavyomshirikisha mtoto asiyeweza kukunja kiungo kimoja.