Somo la Msimu: Swali la Mtoto wa Mizanini



Msimu uliopita, siku ya kupima, kijana mmoja wa sekondari aliyekuja kumsaidia babu yake alituuliza kwa nini karafuu za magunia mawili, zilizochumwa shamba moja na siku moja, hizi zina rangi nzuri na zile zimepauka. Mzee mmoja akamwambia, "Wewe shika gunia, mwanangu." Watu wakacheka, na sisi tunaoandika haya tulicheka pamoja nao. Usiku tulipokuwa tukifunga hesabu tukakumbuka kuwa hapana hata mmoja wetu aliyemjibu. Somo hili ni malipo ya deni lile.

Kucheka namna hii hakukuanza kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba (ni jina tu, si mtu wa Pemba) alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika friji. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyatia yake yangali moto, na mwenzake akatia yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Mwalimu akamwambia kuwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya neno la mzaha.

Hakunyamaza. Alipokuja Dr. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza nao, alimwuliza yeye pia. Bwana yule hakumkatalia. Alirudi kwake akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jambo lile likaitwa kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wanabishana juu yake, na wapo wenye shaka kama hutokea kweli. Lakini wanabishana kwa kupima, si kwa kucheka.

Siku hizi kijana wa namna ile ana pa kwenda. Huko Ireland yalianza mwaka 1965 maonyesho ya wanasayansi vijana, na kwa mfano huo mpango wa Young Scientists Tanzania ulianzishwa mwaka 2011. Wanafunzi wa sekondari huchagua swali la kwao, huchunguza wakisaidiwa na mwalimu, kisha husimama mbele ya waamuzi kueleza walichokiona. Hawaulizwi walichokariri, huulizwa walijuaje.

Tuchukue mfano wa mbali, tusije tukaoneana haya. Migato ni kata ya Itilima, mkoa wa Simiyu, upande uliokuwa zamani chini ya Bariadi. Huko zao ni pamba, na ng'ombe ni wengi. Tuseme msichana wa huko apendaye sayansi anataka kujua kama samadi ya zizini yaongeza vitumba vya pamba. Akitia samadi upande mmoja wa shamba na upande wa pili asitie, hajajua kitu, maana pengine upande ule una rutuba tangu zamani, au maji ya mvua hutuama huko. Yampasa atie mstari mmoja, aruke mmoja, mpaka mwisho wa shamba; mbegu iwe moja, siku ya kupanda moja, palizi moja. Kisha ahesabu vitumba vya kila mstari na kuandika siku ile ile, hata kama hesabu haimpendezi. Hapo ndipo wengi huanguka, watoto na wakubwa: hukumbuka mstari uliostawi na kuusahau uliodumaa.

Sasa turudi mizanini. Kijana wetu aweza kujibu swali lake mwenyewe. Karafuu za mti mmoja zichambuliwe makonyo, zichanganywe vizuri, zigawanywe mafungu mawili ya uzito mmoja. Fungu moja litandazwe jamvini mara moja, la pili likae guniani usiku kucha ndipo lianikwe. Yaanikwe jua moja, yaanuliwe pamoja mvua ikija, na yakikauka yapimwe na kutazamwa rangi. Afanye hivyo kwa miti kadhaa, maana mti mmoja waweza kumdanganya. Wazee watasema jibu wanalijua, kwamba karafuu ya kulala guniani huvunda. Kweli, lakini ni nani kati yetu awezaye kusema hupungua kilo ngapi, na kama kuchelewa saa nne kwadhuru sawa na kuchelewa usiku mzima? Mwenye shamba la mbali na wapagazi wachache angependa sana kulijua hilo.

Fungu la pili huenda likaharibika, na hiyo ni hasara ya mtu. Kwa hiyo tunaomba wanachama sita, kila mmoja atoe mavuno ya mti mmoja tu, pamoja na mahali penye jua pa kuanikia. Mizani ya chama itatumika siku zisizo za kupima. Kijana amekwisha kubali, na babu yake ametoa mti wa kwanza. Atakayependa kutoa aandikishe jina lake kwa katibu kabla uchumaji haujaanza.