SOMO LA UCHUMI: AFYA NI MTAJI

Mkulima anunuapo mbegu hasemi kwamba fedha yake imepotea. Ajua ameiweka shambani, nayo itarudi wakati wa mavuno pamoja na faida. Lakini fedha itumiwayo kwa dawa watu wengi huihesabu kuwa hasara tupu. Katika somo hili tutaonyesha kwamba fedha ya afya yaweza kuwa mtaji kama mbegu, kisha tutauliza ni nani apasaye kuutoa mtaji huo.

1. Gharama Isiyoandikwa

Ugonjwa una gharama mbili. Ya kwanza huonekana, yaani nauli ya kwenda zahanati na bei ya dawa. Ya pili haiandikwi katika daftari lolote: siku za palizi zilizopotea, mahindi yaliyosongwa na magugu, mama aliyeacha biashara yake sokoni ili amwuguze mtoto, na masomo yaliyompita mtoto huyo.

Minyoo ni mfano mzuri, maana hudhuru polepole. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu mitupu, ikaenda kunyonya damu matumboni. Kichocho nacho hupatikana katika maji ya ziwa na mito. Mtoto mwenye minyoo si lazima alale kitandani. Huchoka, hupungukiwa na damu, na siku nyingine hakosi sababu ya kutokwenda shule. Mzazi husema, "Mtoto huyu ni mvivu," kumbe ni mgonjwa.

2. Jaribio la Busia

Mwaka 1998 shirika moja la hisani la Kiholanzi, likishirikiana na ofisi ya afya ya wilaya, lilianza kutoa dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, magharibi ya Kenya. Shule zilikuwa 75, zenye watoto zaidi ya 30,000. Ziligawanywa katika mafungu matatu: la kwanza lilianza mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Kwa njia hiyo wataalamu wa uchumi Michael Kremer na Edward Miguel waliweza kulinganisha shule zilizokwisha kupata dawa na zile zilizokuwa zikingoja zamu.

Waliona kwamba watoto kukosa shule kulipungua kwa kadiri ya robo. Tena, hata watoto wasiomeza dawa katika shule hizo walipata nafuu. Sababu yake ni hii: mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi na kuingia udongoni, basi mtoto aliyetibiwa hawaenezei wenzake.

Si kila jambo lililotazamiwa lilitokea. Alama za mitihani hazikupanda, na mwaka 2015 wataalamu wengine waliopitia hesabu hizo upya walikuta makosa kuhusu faida iliyozifikia shule za mbali, wakabishana sana. Lakini watafiti waliendelea kuwafuata watoto wale kwa miaka 20. Taarifa yao ya mwaka 2021 ilisema kwamba waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na pato la kila saa ya kazi lililozidi kwa 13 kwa mia. Dawa hiyo iligharimu chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka.

3. Nani Alipe?

Mwaka 2001 baadhi ya shule zile ziliwatoza wazazi sehemu ndogo ya gharama, wastani wa senti 30 za dola kwa kila mtoto. Katika shule zisizotoza, watoto 75 katika kila 100 walipata dawa. Katika shule zilizotoza hawakufika 20.

Je, wazazi hao walikuwa wajinga? Hata kidogo. Kila mzazi hupima faida ya mtoto wake mwenyewe. Faida inayovuka ua na kumfikia mtoto wa jirani haimo katika hesabu yake. Tena ugonjwa huu hauna haraka, bali chumvi na mafuta ya taa vyahitajiwa leo.

Hapa ndipo dawa ya minyoo inapoachana na mbegu. Mbegu huota katika shamba la aliyeinunua, lakini kinga huota katika kijiji kizima. Kwa hiyo ni haki mtaji wake utoke katika mfuko wa wote, yaani kodi, kama tunavyojenga daraja bila kumtoza kila apitaye.

4. Wajibu Wetu

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni. Lakini dawa haizuii minyoo kurudi. Choo cha shimo, viatu na maji safi ni mtaji pia, na huo wa nyumbani ni juu yetu. Na bajeti ya kaunti ijadiliwapo mbele ya wananchi, ndugu msomaji, nenda ukaulize: ni shilingi ngapi zimewekwa kwa kinga, na ngapi kwa tiba?

Maswali ya Kuzungumza

1. Taja gharama tatu za ugonjwa zisizoandikwa katika daftari.
2. Kwa nini mtoto asiyemeza dawa aweza kufaidika na dawa ya mwenzake?
3. Ni kinga gani kijijini kwenu yafaa kulipiwa na wote, na ipi na kila mtu?