Somo: Nyumba Yenye Deni na Mgonjwa Kitandani

Masomo ya kusoma mbele ya mafundisho: 2 Wafalme 4:1-7, Kutoka 22:25-27, Luka 10:30-37.



Swali hili linaletwa mara nyingi kwa mashemasi. Nyumba imelemewa na deni, na ndani yake kuna mtu anayeugua. Feza iliyobaki ni kidogo. Iende kwa mwenye kudai, ao iende hospitali? Hapa Kamina, mji wa reli, jambo hili si geni. Mshahara ukichelewa, ao gari moshi likikawia na samaki wa Bukama akaharibika ndani ya vikapu, deni inaingia nyumbani bila kubisha mlango.

Wengi hulipa deni kwanza, kwa sababu mwenye kudai anapiga makelele mlangoni, lakini mgonjwa anavumilia. Basi mwenye makelele analipwa, na mwenye kunyamaza anazikwa. Tusifanye hivyo.

I. Uhai unatangulia

Sheria ya Musa iliamuru kwamba nguo ya maskini iliyowekwa rehani irudishwe mbele ya jua kutua, maana ndiyo anayojifunika usiku. Mwenye kudai alikuwa na haki, lakini haki yake ilikomea pale ambapo mwili wa maskini ungeumia. Msamaria naye alilipa dinari mbili mara moja kwa ajili ya mtu aliyejeruhiwa, na yaliyozidi akaahidi kuyalipa akirudi. Kwanza mgonjwa alipata kitanda. Hesabu ilimalizwa nyuma.

Kuna wanaosema kwamba mwenye imani hapashwi kutoa feza kwa dawa. Wasome habari za mfalme Hezekia. Nabii Isaya mwenyewe aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7). Maombi hayafungi mlango wa hospitali.

Lakini tunasema juu ya matunzo ya lazima: kuzaa kwa shida, homa ya mtoto, upasuaji, dawa za sukari ao za damu kupanda. Anayenunua nguo mpya na kusema ni «mambo ya afya» anamwibia mwenye kudai.

II. Sheria ya nchi inasema nini

Nchi yetu iliingia katika OHADA, umoja wa sheria za biashara katika Afrika, tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya OHADA juu ya kufilisika, iliyofanywa upya mwaka 2015, ni kwa kampuni na kwa mtu anayejitegemea katika biashara, ufundi ao kilimo. Mtu wa mshahara hana mlango huo. Deni yake inabaki mpaka ailipe ao asamehewe. Katika Marekani mtu wa kawaida anaweza kuomba tribinali imfungue kwa deni, hata deni za hospitali. Usidanganywe na habari za huko.

Mfanyabiashara asiyeweza tena kulipa deni zilizofikia siku yake anapashwa kujitangaza kwa tribinali ndani ya siku 30. Akiisha kufika hapo, akigawa mali bure, ao akilipa deni ambayo siku yake haijafika, mambo hayo yanaweza kuvunjwa. Kwa hiyo asimfichie shemeji yake mashine ya kushona, wala asiharakishe kumlipa rafiki na kuacha wengine. Lakini sheria hiyo hiyo inakubali kwamba mdaiwa na jamaa yake wapewe msaada wa kuishi kutoka mali iliyobaki. Hata tribinali inajua kwamba mdaiwa anakula na anaugua.

Tena, kukosa uwezo wa kulipa si uhalifu. Mapatano ya mataifa juu ya haki za watu, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 1976, yanakataza katika kifungu cha 11 mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Kudanganya ndiko kosa. Ukikopa huku umekusudia moyoni usilipe, hiyo si deni tena, ni wizi.

III. Feza ya matunzo itoke wapi

1. Uanze na haki yako. Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Uombe kwa barua, na ushike kopi.

2. Uulize kilicho cha bure. Dawa za kifua kikuu, dawa za SIDA na chanjo za watoto hutolewa bure katika mipango ya Serikali. Usikope kwa ajili ya kitu cha bure.

3. Uulize bei mbele ya matunzo kuanza, uombe kulipa kwa vipande, na mapatano yaandikwe. Ushike resi zote.

4. Usiuze kinachokulisha. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wa mtu. Uuze redio ao kiti mbele ya kuuza kinga, jembe ao mashine.

5. Ukimbie Banki Lambert. Ukichukua franka 100.000 na kurudisha 150.000 mwisho wa mwezi, umeponya homa moja na kuleta nyingine. Afazali uombe zamu yako ya likelemba iletwe mbele, ao uje kwa mashemasi.

IV. Uwaendee wenye kukudai

Usijifiche, wala usizime simu. Uende kwao mbele hawajakuja kwako. Uchukue karatasi yenye majina yote, hesabu ya kila mmoja, na resi za hospitali. Useme wazi: «Mtoto alipasuliwa, feza ilikwenda huko. Nitakupa kiasi hiki kila mwezi.» Ahidi kidogo unachoweza kutimiza. Hatuwezi kuahidi kwamba wote watakubali, lakini mtu anayeletewa ukweli na franka kidogo mkononi husikia vizuri kuliko mtu aliyekimbiwa.

Yule mjane wa 2 Wafalme 4 hakukimbia. Alimwambia nabii hali yake yote, akaazima vyombo kwa majirani, akauza mafuta, akalipa deni, kisha yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyobaki. Tuone kwamba majirani waliazimisha vyombo. Kanisa ndilo jirani huyo. Mama akilala hospitali, tusimpelekee maombi peke yake. Tupeleke bukari, sabuni na franka.

Na wewe ndugu unayedai, kama mdaiwa wako ana mgonjwa, ngoja. Nguo irudishwe mbele ya jua kutua.

Maulizo ya kuzungumza

1. Ni matunzo gani ya lazima, na gani yanaweza kungoja?
2. Katika nyumba yako, «jiwe la kusagia» ni kitu gani?
3. Katika kundi letu, nani anaugua sasa na anaogopa kusema deni yake?

Bwana awape hekima na afya.

Shemasi, Kamina