Je, Imani Yetu Yapatana na Akili?

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi



Katika somo la mwezi huu tunataka kuzungumzia swali ambalo wengi wetu tunaliogopa: kati ya Mkristo aaminiye na mtu asemaye hakuna Mungu, ni yupi anayetumia akili yake vizuri zaidi? Kabla ya kuendelea, tafadhali someni 1 Wakorintho 15, mstari wa 1 mpaka wa 20.

Swali hili limeingia majumbani mwetu. Kijana aliyebatizwa, akapata Kipaimara, akaimba katika kwaya, huenda masomoni, na siku moja akirudi likizo huwaambia wazazi wake kwamba haoni sababu ya kuamini kuwa Mungu yuko. Baba hukasirika, mama hulia, na mzee wa kanisa husema kwamba vitabu vimemharibu. Kijana hunyamaza. Jumapili inayofuata haonekani kanisani, na wala hakuna aliyemjibu swali lake. Tulizoea kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Lakini mwaka 2016, huko Kenya, chama cha watu wasioamini Mungu kiliandikishwa kisheria. Basi, swali liko mlangoni petu, nasi yatupasa kulifungulia.

1. Tusianze kwa matusi

Wengine hukimbilia Zaburi ya 14, inayomwita mpumbavu yule asemaye moyoni kwamba hakuna Mungu, kisha wanafunga mazungumzo. Lakini tukiisoma zaburi hiyo mpaka mwisho, tutaona kwamba inakemea matendo: watu walioharibika, wanaowaonea wanyonge na kuishi kana kwamba hakuna atakayewauliza. Mtu wa namna hiyo aweza hata kukaa kiti cha mbele kanisani. Zaburi haikutungwa ili tumtukane kijana anayeuliza kwa moyo safi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Tena sisi Waanglikana tuna urithi wetu katika jambo hili. Richard Hooker, mwalimu mkuu wa Kanisa la Uingereza aliyefariki mwaka 1600, alifundisha kwamba Mungu ametupa Maandiko Matakatifu yawe ya kwanza, kisha akili, na pamoja nayo mapokeo ya Kanisa. Akili ni kipawa cha Muumba. Anayeidharau humdharau aliyeitoa.

2. Kutumia akili maana yake nini?

Mwaka 1877 mwanahesabu Mwingereza, William Clifford, ambaye hakuwa mwamini, aliandika makala juu ya wajibu wetu katika kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli. Mtu huyu alijua kwamba meli yake ni kuukuu na imetengenezwa mara nyingi. Moyo ulimshtaki kwamba aikague kwanza. Lakini ukaguzi una gharama, kwa hiyo akajituliza: meli imesafiri salama mara nyingi, na Mungu atawalinda abiria. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford akasema kwamba mtu huyo ana hatia, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini jambo ambalo hakutaka kulichunguza. Wasomaji wanaokumbuka kuzama kwa MV Bukoba katika Ziwa Victoria, mwezi Mei 1996, hawahitaji kuelezwa uzito wa mfano huu.

Tukubali kwamba Clifford alisema kweli kubwa. Imani ya mtu anayeogopa kuulizwa ni kama meli isiyokaguliwa. Lakini Clifford aliongeza kwamba daima, mahali pote, ni kosa kwa mtu yeyote kuamini neno lolote bila ushahidi wa kutosha. Hapo mwanafalsafa wa Marekani, William James, alimjibu mwaka 1896. Alisema kwamba yako mambo makubwa ya maisha yasiyongoja, na kukaa bila kuamua ni kuamua pia. Tuchukue mfano wa ndoa. Kijana achunguze tabia na nia ya mwenzake, hilo ni jambo la akili. Lakini akisema hataoa mpaka apate uthibitisho kamili wa miaka 50 ijayo, atazeeka peke yake, na hatuwezi kumsifu kwa hekima.

Basi, mwenye akili ni yule anayepima alichonacho kwa haki, anayekubali kuulizwa, na anayejua kwamba hata kukataa ni uamuzi wenye kuhitaji sababu zake.

3. Mazungumzo ya mwaka 1948

Tarehe 28 Januari 1948 redio ya BBC ya Uingereza ilitangaza mazungumzo ya wanafalsafa wawili juu ya kuwako kwa Mungu. Wa kwanza alikuwa Frederick Copleston, padre wa Shirika la Wajesuiti, aliyelelewa katika Kanisa la Anglikana kabla ya kujiunga na Kanisa Katoliki. Wa pili alikuwa Bertrand Russell, aliyekuwa maarufu kwa kuipinga dini ya Kikristo. Tunawaleta hapa kwa sababu walizungumza kwa adabu, na kwa sababu kila mmoja aligusa kiini cha jambo.

Hoja ya kwanza ya Copleston ilihusu kuwako kwa ulimwengu. Tuieleze kwa mfano wetu. Tuseme mtu ana jembe mkononi, na ukimwuliza asema ameliazima kwa jirani. Jirani asema ameliazima kwa shemeji yake, na shemeji kwa mwingine. Hata safu ya waazimaji ikiwa ndefu namna gani, akili inauliza: mwenye jembe ni nani? Vitu vyote tunavyoviona vimeazima uhai na kuwako kwake. Copleston alisema lazima awepo Mmoja asiyeazima kwa mwingine.

Russell alijibu kwamba kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya wanadamu ina mama mmoja. Kwa maoni yake, ulimwengu upo tu, na hakuna la kuuliza zaidi. Jibu hilo si la kipuuzi. Lakini Copleston alieleza kwamba hatafuti muazimaji mwingine wa kwanza katika safu. Anauliza kwa nini iwepo safu yoyote. Hapa tunaona jambo la kufaa. Mkristo anaendelea kuuliza "kwa nini?" mpaka mwisho, na Russell ndiye aliyesema tusimame hapa tusiulize tena. Wale wanaosema kwamba imani inazuia maswali walifikirie hilo.

Hoja nyingine ilihusu mema na mabaya. Copleston alitaja mkuu wa kambi ya Belsen, mahali ambapo maelfu ya watu walikufa chini ya Wanazi. Twajuaje kwamba matendo ya mtu huyo yalikuwa maovu kweli? Russell alijibu kwamba yeye hutambua mema na mabaya kama anavyotambua rangi, ila katika mema na mabaya mwamuzi ni hisia zake. Lakini tuangalie maisha ya Russell mwenyewe. Alifungwa gerezani mwaka 1918 kwa ajili ya kupinga vita, na tena mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 89, kwa ajili ya kupinga silaha za nyuklia. Hatusemi kwamba asiyeamini hawezi kuwa mwema. Russell aliteseka kwa ajili ya alichokiona ni haki kuliko Wakristo wengi. Tunachouliza ni hiki: je, mtu huenda gerezani kwa ajili ya hisia tu, au kwa sababu kuna haki iliyo juu yetu sote, tuipende tusiipende?

Tena tusisahau: katika mazungumzo hayo Russell hakudai kwamba aweza kuthibitisha kuwa Mungu hayuko. Alisema yeye ni mtu asiyejua.

4. Tahadhari kwa sisi tunaoamini

Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyekuwa pia mtaalamu wa elimu ya nyota, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akaeleza kwamba ulianza katika kitu kidogo sana kilichosongamana. Leo wataalamu wanakadiria kwamba jambo hilo lilitokea yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyouonyesha ugunduzi huo kuwa kama ushahidi wa uumbaji. Mtu angedhani Lemaître angefurahi. Kinyume chake, hakupendezwa. Aliona kwamba elimu yake ya nyota isimame kwa miguu yake yenyewe, wala imani isiegemezwe juu ya nadharia ambayo kesho yaweza kurekebishwa.

Funzo ni kwamba tusishangilie kila habari ya sayansi inayoonekana kutupendeza, wala tusitetemeke kwa kila habari inayoonekana kutupinga. Kumtetea Mungu kwa hoja dhaifu kunawafukuza vijana wetu haraka kuliko vitabu vya Russell.

5. Hoja iliyo nzito kuliko zote

Hoja kubwa ya wasioamini haimo katika nyota. Imo katika makaburi. Mwezi Aprili 1994 maelfu ya watu wa Rwanda walikimbilia katika makanisa ya Nyamata na Ntarama, wakitumaini kwamba nyumba ya Mungu itawaokoa. Waliuawa humo humo. Wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa, na viongozi wa makanisa mbalimbali, la kwetu likiwamo, walilaumiwa kwa kunyamaza au kwa kuwa karibu mno na watawala. Mtu akiuliza Mungu alikuwa wapi, tusimjibu kwa haraka. Rafiki za Ayubu walijibu haraka, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea.

Hatuna jibu linaloondoa uchungu huo. Lakini tunasema mambo mawili. La kwanza, anayelia kwamba yaliyotendeka Nyamata ni uovu, si kwa ajili yake tu bali kwa kila mtu na kila wakati, tayari anasimama karibu na ile haki iliyo juu yetu sote. Mungu akiondolewa, mateso hayapungui, ila kilio chetu hakina wa kukisikia. La pili, Mungu tunayemwamini hakukaa mbali na kuyatazama. Alisulubiwa kati ya wahalifu, akalia kwamba ameachwa. Imani isiyo na msalaba haiwezi kusimama Nyamata.

6. Neno la Paulo

Hapo ndipo tunapofika 1 Wakorintho 15. Barua hii iliandikwa yapata mwaka 55, kama miaka 25 tu baada ya kusulubiwa kwa Bwana. Paulo anawataja mashahidi kwa majina, na wengine zaidi ya 500 ambao wengi wao, asema, walikuwa wangali hai. Maana yake wangeweza kuulizwa. Kisha anasema jambo la ajabu: kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Paulo anaiweka imani nzima mahali ambapo inaweza kukaguliwa, kama meli kabla ya safari.

Asiyeamini aweza kusema kwamba wanafunzi waliona maono kwa sababu ya huzuni. Na tulipime neno hilo. Lakini Paulo hakuwa na huzuni kwa ajili ya Yesu, alikuwa mtesi wa Kanisa. Yakobo, ndugu wa Bwana, anatajwa pia katika orodha hiyo, naye alikuwa miongoni mwa ndugu ambao Yohana 7 inasema hawakumwamini. Wote wawili waligeuka. Huo si uthibitisho wa hesabu. Ni ushahidi wa namna hakimu anayoipokea mahakamani: anapima mashahidi, kisha anatoa hukumu.

Hukumu yetu ni hii. Asiyeamini si mpumbavu, na mzigo wa mateso anaouonyesha ni mzigo wa kweli. Lakini tukiweka pamoja kuwako kwa ulimwengu, haki inayotuamuru, na ushahidi wa kaburi lililo wazi, imani ya Kikristo inaeleza mengi zaidi na kuacha machache zaidi bila jibu. Aaminiye hakuizima taa ya akili. Ameifuata mpaka ilipomfikisha, kisha akamtegemea yule aliyemkuta.

7. Tufanye nini?

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 15, ataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Wazazi, mtoto akiuliza, kaeni naye chini. Kama hamjui jibu, semeni hamjui, na mtafute pamoja. Wazee wa kanisa na Umoja wa Mama, msimtenge kijana mwenye mashaka. Tomaso alikuwa na mashaka, nao wenzake hawakumfukuza. Alikuwamo pamoja nao siku ya nane, Bwana alipokuja.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, kuna swali la imani ambalo tunaogopa kuulizwa? Kwa nini?
2. Mfano wa mwenye meli unatufundisha nini juu ya kanisa letu wenyewe?
3. Tungemjibu nini mtu wa Rwanda aliyepoteza jamaa zake kanisani? Je, kuna wakati wa kunyamaza?
4. Parishi yetu iweke nafasi gani ya vijana kuuliza bila woga?

Tuombe: Ee Mungu, uliyetupa akili ya kutafuta na moyo wa kukupenda, utuepushe na imani ya uvivu na mashaka ya kiburi. Uwe karibu na wote wanaokutafuta bila kujua jina lako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.